Redio, Simu na Skrini ya Gari: Uhakiki wa Istilahi Zinazotumika

Utangulizi

Kila chombo kipya kinachoingia nchini huja na maneno yake. Baadhi ya maneno hayo hushuka bandarini pamoja na chombo chenyewe, mengine hutungwa na mafundi wanaokifungua, na mengine hutungwa mezani na wafasiri ambao pengine hawajapata kukigusa. Makala haya yanachunguza mkusanyo mdogo wa maneno ya namna hiyo, yaani yale yanayotumika mwenye gari anapotaka redio ya gari lake ipokee simu yake ya mkononi, ili aweze kuongea, kusikiliza muziki na kufuata ramani bila ya kuishika simu. Kazi hiyo sasa hufanywa katika karakana nyingi za mijini. Maneno yake yamekwisha kuingia katika matangazo ya biashara na katika maelezo yaliyomo ndani ya simu zenyewe. Hayatachukua muda kuingia katika hati za ununuzi, mitaala ya ufundi na mashauri ya mahakamani, hasa baada ya Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Kusudi letu si kutunga orodha ndefu ya maneno mapya. Maneno yapo tayari, tena ni mengi. Kinachokosekana ni kuyapima. Tutayapima kwa maswali matatu. Kwanza, je, neno linatenganisha mambo ambayo kweli ni tofauti? Pili, je, linazaa maneno mengine bila ya taabu? Tatu, je, dereva asiye na nafasi ya kufikiri atalielewa mara moja?

Swali la tatu linahitaji mahali pa kulijaribia, nasi tumechagua Dindira. Dindira ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika milima ya Usambara Magharibi, penye mashamba ya chai. Anayekwenda huko kutoka Korogwe mjini huacha tambarare na kupanda mlima. Lugha ya kwanza ya wenyeji wengi ni Kisambaa. Kiswahili ni lugha yao ya shule, ya soko na ya kazi, nao wanakijua barabara. Dereva anayepanda mlima huo hawezi kusimama katikati ya kona ili apambanue ni maana ipi kati ya mbili iliyokusudiwa na maandishi yaliyo mbele yake. Istilahi itakayomfaa yeye itatufaa sote.

Kitu chenyewe

Haifai kuhakiki maneno kabla ya kukieleza kitu. Magari mengi yanayotumika hapa nchini yaliletwa yakiwa yamekwisha tumika Japani, kwa kuwa nchi hiyo, kama yetu, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wake huwa kulia. Gari hutengenezwa upya kidogo sana kabla ya kuuzwa hapa. Redio yake hubaki ile ile ya huko lilikotoka. Hapo huzuka matatizo matatu.

La kwanza ni lugha. Maandishi ya skrini ni ya Kijapani, na redio nyingi za namna hiyo hazina njia ya kuyabadilisha. La pili ni masafa. Kwa miaka mingi redio za Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, kwa kipimo cha megahezi, na baadaye tu yakaongezwa hadi 95. Hapa kwetu vituo hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya gari kutoka Japani husikia vituo vichache tu vya mwanzo na kuwa kiziwi kwa vingine vyote. La tatu ni kwamba baadhi ya redio hizo, zile za Toyota zikiwamo, hukataa kufanya kazi mara betri ya gari inapoondolewa, zikadai namba ya siri ambayo mnunuzi hakupewa. Nyingine hudai kadi au sahani ya ramani za Japani, ambayo mara nyingi imekwisha potea.

Mwenye gari basi huenda kwa fundi. Fundi anaweza kuongeza kifaa kidogo cha masafa na kuiacha redio ya zamani. Anaweza pia kuing'oa na kuweka nyingine yenye skrini ya kugusa, inayopokea simu kwa njia ya Apple CarPlay, iliyotangazwa mwaka 2014, au Android Auto, iliyoanza kutumika mwaka 2015. Katika milima kama ya Dindira, ambako mawimbi ya FM huzuiwa na vilele, simu iliyohifadhi muziki na ramani ndani yake huwa na faida kuliko redio yenyewe. Ndiyo maana kazi hii si anasa ya watu wa mjini peke yao.

Urithi wa baharini

Kiswahili hakikulipokea gari mikono mitupu. Maneno ya sehemu za injini yalikopwa kutoka Kiingereza, kama vile breki, gia, klachi, rejeta na plagi. Lakini maneno ya safari yalikuwapo pwani kabla ya gari la kwanza. Usukani ulikuwa wa jahazi. Nauli ililipwa chomboni, na abiria alikuwa ni mtu wa kuvushwa. Chombo chenyewe ni neno la baharini, na hata leo askari wa usalama barabarani huita gari na pikipiki vyombo vya moto. Wahenga wetu hawakuona haja ya kutunga neno jipya la usukani kwa sababu tu ule mpya ulikuwa wa chuma na wa mviringo. Waliona kwamba kazi ni ile ile, wakaliacha neno lipande gari.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililosahauliwa zaidi na watungaji wa leo. Mtungaji akikutana na kifaa kipya hutazama jina lake la Kiingereza kabla ya kutazama kazi yake. Matokeo yake ni istilahi inayofafanua Kiingereza badala ya kufafanua kitu.

Jina la chombo

Mfano ulio wazi ni jina la chombo chenyewe. Waingereza walibandika neno la habari na neno la burudani wakapata neno moja fupi, lililotoka katika mambo ya televisheni. Wafasiri wetu wameligeuza kuwa “mfumo wa habari na burudani”. Istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza ni ndefu: katika hati ya kurasa kumi itarudiwa mara hamsini, na fundi hataitamka hata mara moja. Pili, nayo ndiyo kasoro kubwa, haisemi kweli. Katika chombo hicho dereva hutazama kamera ya nyuma, hupokea simu, hufuata ramani, na katika magari mengine huongeza au hupunguza baridi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo habari kwa maana ya neno hilo kwetu, wala burudani. Mwanafunzi atakayeisoma istilahi hiyo katika kitabu atadhani ni taarifa ya saa mbili usiku na taarabu baada yake.

Fundi wa Korogwe anakiitaje kitu hicho? Anakiita redio. Akitaka kukitofautisha na kile cha zamani husema redio ya skrini. Wapo watakaosema kwamba neno hilo ni finyu, kwa kuwa kupokea matangazo ni kazi moja tu kati ya nyingi za chombo hicho. Hoja hiyo haina nguvu. Neno simu asili yake ni uzi wa madini, na kwa muda mrefu kupeleka simu kulikuwa ni kupeleka habari kwa waya kupitia posta. Leo simu haina uzi, ina picha na benki ndani yake, na hakuna aliyedai ibadilishwe jina. Neno hupanuka pamoja na kitu kama kamba ya mbuzi anayelisha. Halikatiki ila likivutwa kwa nguvu. Tunaona kwamba “redio ya gari” litoshe kuwa jina la jumla, na “redio ya skrini” liwe jina la aina hii.

Skrini au kioo

Katika simu, watu wengi husema kioo: kioo kimepasuka, gusa kioo. Ni neno zuri na la Kiswahili, na mtu anayependa lugha atavutwa kulisimamia dhidi ya skrini lililokopwa. Lakini ndani ya gari neno kioo lina kazi nyingine tatu kabla ya hii. Kuna kioo cha mbele, kuna vioo vya milango, na kuna vioo vya kutazamia nyuma. Chukulia agizo hili: “Tazama kioo kabla ya kurudi nyuma.” Gari lina kamera ya nyuma inayoonyesha picha katika skrini, na pia lina vioo vya pembeni. Dereva aliyesimama penye ukingo wa mlima atazame wapi? Atakayetazama skrini peke yake hataona mtoto aliyesimama ubavuni. Atakayetazama kioo cha pembeni peke yake hataona jiwe lililo nyuma ya gurudumu. Hapa utata wa neno si suala la mtihani wa darasani.

Kwa sababu hiyo, kati ya maneno haya mawili, neno la kukopa ndilo lenye haki. Skrini limekwisha kaa katika lugha, nalo linaweza kutamkwa na kila mtu. Kiwambo, ambalo baadhi ya waandishi hulipendelea, lina sifa ya kuwa la kwetu, lakini halimo vinywani mwa mafundi wala mwa madereva. Kufuata utaratibu wetu wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine, hakumaanishi kulitia neno la kwetu mahali ambapo litaleta ajali.

Kufunga na kufungwa

Neno la hatari kuliko yote ni la mafundi wenyewe. Kuweka redio katika gari wao huita kufunga redio, kama vile hufunga tairi na hufunga injini. Lakini kufunga pia ni kuzima, kama kufunga redio ya nyumbani baada ya taarifa, na tena ni kuzuia kwa kufuli au kwa namba ya siri. Tumekwisha kueleza kwamba redio nyingi za Japani hujizuia betri inapotolewa. Basi fikiria mkataba wenye sentensi hii: “Muuzaji atahakikisha kwamba redio imefungwa kabla ya gari kuchukuliwa.” Mnunuzi ataelewa kwamba atalipata gari lenye redio. Muuzaji asiye mwaminifu atampa gari lenye redio iliyojizuia, na kama ni hodari wa maneno atasema ametimiza mkataba neno kwa neno. Sentensi hiyo ni ya mfano tu, lakini kila afisa wa ununuzi anajua kwamba sentensi za namna hiyo huandikwa kila siku.

Tunapendekeza kazi hizo zigawiwe maneno matatu. Kuingiza chombo mahali pake katika dashibodi kuwe ni kupachika. Kupachika ni kutia kitu katika nafasi yake kikakaa, na ndivyo redio inavyofanywa. Kutia programu ndani ya chombo kuwe ni kusakinisha, neno ambalo watumiaji wa simu wamekutana nalo, ambalo lina jamaa yake katika maskani, na ambalo huzaa usakinishaji na kisakinishi bila ya taabu. Katika maelezo yanayomlenga mtumiaji wa kawaida, weka latosha. Kwa kule kujizuia, Kiswahili kina neno komeo na kitenzi komea. Mtu aliyejifungia chumbani akakataa kutoka husemwa amejikomea. Redio nayo hujikomea, na namba inayoifungua ni namba ya komeo. Dereva wa Dindira ataelewa bila ya kufafanuliwa, kwani mlango wake nyumbani una komeo. Kufunga kwa maana ya mafundi kuendelee katika mazungumzo ya karakana, lakini kusiingie katika hati.

Kuunganisha: neno moja, kazi tatu

Tunafika sasa kwenye kiini cha jambo. Tangazo la biashara husema: redio hii inaunganishwa na simu. Mnunuzi hulipa fedha. Lakini kuunganishwa huko kwaweza kuwa ni mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni simu kupeleka sauti tu katika redio kwa njia ya Bluetooth. Dereva husikia muziki na huongea kupitia spika za gari, lakini skrini haionyeshi ramani ya simu. La pili ni skrini ya gari kuonyesha nakala ya skrini ya simu kama ilivyo. Lolote lililo katika simu, hata filamu, huonekana mbele ya dereva. La tatu ndilo linalofanywa na Apple CarPlay na Android Auto. Hapa simu haionyeshi skrini yake. Hutengeneza sura nyingine kabisa, yenye alama kubwa na maneno machache, inayoruhusu programu zile tu zilizopimwa kuwa zinafaa kwa mtu aliye njiani. Hesabu yote hufanywa na simu. Redio hutoa skrini na spika, na kidole kikigusa skrini ya gari, taarifa ya mguso huo hurudi kwenye simu.

Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Aina ya pili humwezesha dereva kutazama picha za sinema akiwa anapanda mlima. Aina ya tatu iliundwa makusudi ili asiweze. Anayetumia neno moja kwa zote tatu huuza kitu cha hatari kwa jina la kitu cha usalama. Hilo ndilo kosa kubwa la maneno yaliyopo, na hakuna kamusi tunayoijua inayolirekebisha.

Wafasiri wa maelezo ya simu wamefanya sehemu ya kazi, nao wastahili sifa. Kule kuvitambulisha vyombo viwili kwa mara ya kwanza ili vijuane, wamekuita kuoanisha. Neno hili ni zuri sana. Linatoka katika kuoana, lina maana ya vitu viwili kupatana, na linaeleza kwamba tendo hufanyika mara moja, kisha vyombo hukumbukana kila vinapokutana. Kuunganisha basi kubaki kwa yale mawasiliano ya kila siku: simu iliyokwisha kuoanishwa hujiunganisha yenyewe mwenye gari anapowasha injini. Mwalimu anayefundisha tofauti hiyo kwa wanafunzi wa ufundi hatahitaji zaidi ya mfano wa ndoa na ziara.

Kwa aina ya pili neno kuakisi linafaa. Lakini kwa aina ya tatu maneno yaliyopo hayatoshi. Katika simu hukutana na kutuma skrini. Kutuma ni upande mmoja; barua ikishatumwa haiendeshwi tena na aliyeipokea. Hapa mguso hurudi. Wengine wamependekeza kuazima: simu huazima skrini ya gari kisha huirudisha waya unapochomolewa. Picha hiyo inapendeza, ila kuazima katika Kiswahili ni kwa anayetoa na kwa anayepokea pia, hivyo maelezo ya ufundi yatachanganyikiwa ni nani mwenye mali. Isitoshe, azima ni kusudio pia.

Sisi twapendekeza kukabidhi. Kila mtumishi wa Serikali anayajua makabidhiano ya ofisi: anayekabidhi hubaki na cheo chake, anayekabidhiwa hupewa madaraka yaliyoorodheshwa na si zaidi, na siku ya kurudisha mambo hurudi kama yalivyokuwa. Ndivyo ilivyo hapa. Gari huikabidhi simu skrini na spika. Haliikabidhi breki wala usukani. Twaweza kusema skrini imekabidhiwa, ukabidhi wa skrini, redio yenye ukabidhi, redio isiyo na ukabidhi. Mnunuzi akiuliza, “Ina ukabidhi au inaakisi tu?” atakuwa ameuliza swali ambalo muuzaji hawezi kulikwepa.

Kusasisha, kuboresha, kubadilisha

Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mtu anayekipandisha chombo chake kutoka hali duni hadi hali bora, kwa njia yoyote ile. Wafasiri hukigeuza kuwa kuboresha kila mahali, au, vibaya zaidi, kupandisha daraja, kana kwamba redio ni karani aliyefaulu mtihani. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko lugha inayofasiriwa, na yafaa tuutumie utajiri huo. Kusasisha, neno lililotoka katika sasa, ni kutia programu mpya katika chombo kile kile. Kuboresha ni kuongeza kifaa huku kile cha zamani kikibaki. Kubadilisha ni kung'oa cha zamani na kupachika kingine. Gharama za kazi hizi tatu hazilingani hata kidogo. Hati itakayosema tu kwamba magari ya idara “yaboreshwe redio” itaruhusu malipo ya kubadilisha kwa kazi ya kusasisha.

Masafa, vimo na mielekeo

Maneno mengine twaweza kuyapitia kwa haraka. Masafa hutumika kwa mawimbi ya redio, na hutumika kwa umbali wa safari. Katika chumba cha studio hakuna tatizo, ila katika gari yote mawili yamo. Yafaa masafa yaachiwe mawimbi, na njia ipimwe kwa umbali.

Kile kifaa kidogo kinachoongezwa katika redio za Japani mafundi hukiita ekspanda, kwa kufuata Kiingereza kinachodai kwamba kifaa hupanua masafa. Kwa kweli hakipanui kitu. Huyashusha masafa ya kituo kwa kiasi maalumu kabla hayajaingia redioni. Kifaa kinachoshusha kwa 14 kitakifanya kituo cha 98.5 kionekane katika skrini kuwa 84.5, na mwenye gari asiyeelezwa hudhani redio yake ni mbovu. Kiswahili kikikiita kishusha masafa, kitakuwa kimesema kweli pale Kiingereza kilipoghafilika, na jina lenyewe litamweleza mwenye gari kwa nini namba hazilingani.

Nafasi ya redio katika dashibodi hupimwa kwa kipimo kilichowekwa na taasisi ya viwango ya Ujerumani, ambayo herufi zake za kwanza tatu ni D, I na N. Nafasi ya kawaida ni milimita 180 kwa 50. Iliyo maradufu ni 180 kwa 100. Na magari mengi ya Toyota yana nafasi ya upana wa 200. Kanuni yetu ya kutia irabu mwishoni mwa neno la kukopa ingetupa hapa dini moja na dini mbili. Hakuna haja ya kueleza kwa nini mwalimu hawezi kuandika ubaoni kwamba gari hili ni la dini mbili. Tuseme redio ya kimo kimoja na redio ya vimo viwili. Kimo ndicho kinachobadilika, na neno linaonyesha hivyo.

Kwa chombo kinachomwelekeza dereva njia, wengi watavutwa na dira, neno jingine la baharini. Neno hilo limekwisha safiri mbali, kwani Dira za Maendeleo ya Taifa, ya 2025 na ya 2050, zimelipa maana ya shabaha ya nchi. Hata hivyo, ndani ya simu mna dira kwa maana yake ya asili, chombo cha kuonyesha kaskazini, na vitu viwili katika chombo kimoja havifai kugombea jina moja. Tuseme kielekezi njia. Na kielekezi hicho kisimwambie dereva geuka kushoto, kwani kugeuka kwaweza kuwa ni kurudi ulikotoka. Madereva husema pinda, au kata kona, na hutumia geuza kwa kurudi nyuma tu. Katika barabara ya milimani yenye kona za kujikunja, tofauti hiyo ni bora ijulikane mapema.

Kuhusu simu yenyewe, simu janja limekwisha enea, nasi hatuoni faida ya kupigana nalo. Watu wengine husema simu ya tachi, na ile ya vitufe huiita kiswaswadu, majina yenye uhai yatakayofaa katika hadithi. Tahadhari yetu ni moja: neno janja lisitapakae. Tayari husomwa jiji janja na mita janja. Atakayetangaza gari janja katika soko la magari yaliyotumika asishangae wanunuzi wakimkimbia.

Neno na kitu chake

Historia yatufundisha kwamba neno hushinda likifika pamoja na kitu na likiwa mikononi mwa mtu anayekitumia. Televisheni ilipoanza Zanzibar mwaka 1973 ilifika na jina lake. Runinga lilikuja baadaye, na mpaka leo majina yote mawili yaenda sambamba. Ngamizi na tarakilishi yalitungwa kwa ustadi, lakini Tanzania ilikuwa imekwisha zoea kusema kompyuta. Kwa upande mwingine, king'amuzi kiliingia kila nyumba wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, kwa sababu mwananchi alilisikia neno siku ile ile alipolazimika kukinunua kitu. Kishikwambi nacho kilikuwa ni neno la kuchekwa hadi makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walipokwenda nacho mlango kwa mlango, na baadaye walimu wakagawiwa vifaa hivyo.

Milima ya Tanga yenyewe imekwisha kuchangia. Kitivo, linalotumiwa na vyuo vikuu vyetu kwa kundi la idara, lilitoka katika lugha za milimani, Kisambaa na Kipare, na hata sasa Kitivo ni jina la bonde la mashamba katika Wilaya ya Lushoto. Neno la ardhi yenye rutuba likawa neno la elimu. Haitakuwa ajabu neno jingine la lazima likipatikana kwa mafundi na madereva wa huko, iwapo tutakwenda kuwauliza.

Mapendekezo

Tunayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo haya, ili yapimwe na wanaoyahitaji:

Redio ya skrini: redio ya gari yenye skrini ya kugusa.
Kupachika: kutia chombo katika nafasi yake ndani ya gari.
Kusakinisha: kutia programu ndani ya chombo.
Komeo, kujikomea: kizuizi cha namba ya siri, redio kujizuia.
Kuoanisha: kuvitambulisha vyombo viwili kwa mara ya kwanza.
Kuunganisha: kuanzisha mawasiliano kati ya vyombo vilivyokwisha kuoanishwa.
Kuakisi: kuonyesha nakala ya skrini ya simu kama ilivyo.
Ukabidhi: gari kuipa simu skrini na spika kwa matumizi ya safari.
Kusasisha, kuboresha, kubadilisha: kwa maana tatu zilizoelezwa hapo juu.
Kishusha masafa: kifaa cha redio za Japani.
Kimo kimoja, vimo viwili: vipimo vya nafasi ya redio.
Kielekezi njia: programu inayomwelekeza dereva.

Walimu wa vyuo vya ufundi ndio wanaoweza kuyajaribu kwanza, kwa kuwa mwanafunzi wao wa leo ndiye fundi wa kesho. Maafisa wanaoandika hati za ununuzi waanze na mawili tu, komeo na ukabidhi, wakitia maana yake katika kifungu cha tafsiri mwanzoni mwa hati. Wafasiri nao, kabla ya kuketi mezani, wapite karakanani. Neno litakaloshindwa huko liondolewe bila ya huzuni, na litakaloshinda liandikwe kamusini.